Hedifoni Moja kwa Basi, Gemu na Jimu

Hedifoni isiyo na waya ni spika mbili ndogo, betri, maiki na redio ya masafa mafupi, vyote vimefungwa pamoja ili vikae kichwani au ndani ya sikio. Anayetaka moja tu imtumikie safarini, kwenye gemu na jimu anaidai mambo matatu yasiyofanana. Safari inadai utulivu: mngurumo wa injini upungue, na betri isikate njiani. Gemu inadai wakati: mlio usikike papo hapo kidole kinapobonyeza. Jimu inadai uvumilivu wa jasho na mshiko usioteleza. Hakuna hedifoni inayoyatimiza yote matatu kwa kiwango kimoja, na muuzaji mkweli hukiri hivyo mteja akimuuliza. Kinachobaki ni kupanga lipi litangulie na lipi lisubiri.

Mpangilio unaofaa hauanzii kwenye utamu wa sauti, ingawa ndiko karibu kila mnunuzi anakoanzia. Unaanzia kwenye yale yasiyorekebishika baada ya pesa kutoka mfukoni. Besi ikizidi hupunguzwa kwenye programu ya simu kwa dakika moja. Mlio ukichelewa, mara nyingi waya mmoja au kipokezi kidogo cha USB huponya. Lakini hedifoni inayoumiza sikio itaendelea kuliumiza, na isiyojengwa kuhimili jasho haiongezewi kinga hiyo na fundi yeyote. Kwa hiyo umbo na kinga ya maji huja kwanza, redio na waya hufuata, ladha ya sauti huja mwisho.

Maumbo makuu ni mawili. Zipo hedifoni za kufunika sikio zima, zenye upinde unaopita juu ya utosi, na zipo za kuchomeka tunduni, zinazolala kwenye kikasha kinachozichaji. Za kufunika huwa na uzito wa kama gramu 250. Za kuchomeka, gramu tano au sita kila upande. Tofauti hiyo ndiyo inayozaa nyingine nyingi. Ndani ya vikombe vikubwa huingia betri ya saa 30 au zaidi, inayotosha kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza bila kutafuta umeme. Ndani ya kidude cha gramu tano huingia betri ya saa sita hadi nane, kisha ni lazima kirudi kikashani. Kwa upande mwingine, gramu 250 zilizokaa utosini huanza kusikika shingoni baada ya saa mbili, na mtu anapolala chali kwenye benchi la kupigia vyuma, upinde hugota benchi na vikombe vikasogea kutoka masikioni katikati ya mnyanyuo.

Kichwa cha mnunuzi nacho kina neno lake. Mto wa hedifoni ya kufunika hufanya kazi unapogusa ngozi pande zote za sikio bila kuacha mwanya. Mkono wa miwani hupita chini ya mto huo na kuacha ufa mwembamba kama unene wa njiti ya kiberiti. Kupitia ufa huo besi hutoka na kelele za nje huingia. Misuko mikubwa na dredi huinua upinde, vikombe vikakaa juu zaidi ya masikio. Hijabu huweka kitambaa kati ya mto na ngozi, na hapo hedifoni ya bei ghali hupoteza sehemu ya ubora wake kabla haijawashwa. Za kuchomeka hukaa vizuri chini ya hijabu, ila zile zinazoongozwa kwa kuguswa juu juu huchanganyikiwa: kitambaa kikisogea, wimbo husimama au simu hupokelewa yenyewe. Kitufe halisi cha kubonyeza ni bora hapo, na ni bora jimu vilevile, ambako kidole kilicholowa jasho hakisomeki vizuri kwenye sehemu ya kugusa. Mambo haya huandikwa mara chache kwenye boksi, lakini ndiyo yanayoamua kama kifaa kitavaliwa kila siku au kitabaki kabatini.

Kinga ya maji huelezwa kwa herufi IP na tarakimu mbili, kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha IEC 60529. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji, na herufi X humaanisha kwamba upande huo haukupewa kipimo. IPX4 ni kuhimili maji yanayorushwa kutoka pande zote. IPX5 ni kuhimili maji yanayopigwa kwa mpira wa bomba. IPX7 ni kuzamishwa hadi mita moja kwa dakika 30. Kwa jimu, IPX4 inatosha. Anayekimbia kwenye barabara ya vumbi ana sababu ya kutazama na tarakimu ya kwanza. Jambo moja husahaulika: vipimo hivyo hufanywa kwa maji safi, na jasho lina chumvi. Chumvi hubaki jasho likishakauka, na sehemu inayopenda kukaa ni kwenye vipini vya shaba ambavyo hedifoni hutumia kuchajiwa. Kurudisha hedifoni kikashani zikiwa bado zimelowa ni njia ya haraka ya kuziua. Upande mmoja huacha kuchaji, na mwenye nazo hudhani betri imekufa kumbe ni kutu ya kijani kwenye kipini.

Hedifoni nyingi za kufunika sikio, zikiwamo za bei kubwa kabisa, hazina alama yoyote ya IP. Zilibuniwa kwa ajili ya kiti cha ndege na meza ya ofisi. Mito yake kwa kawaida ni sifongo iliyovikwa ngozi bandia, na kinachoipata jimu kinaonekana kwa macho. Wiki za kwanza ngozi hiyo hung'aa. Kisha hupoteza mng'ao pale inapogusana na nyuma ya sikio, ambako jasho hujikusanya. Baadaye hutokea mistari midogo kama nyufa za udongo uliokauka, na siku moja mtu huvua hedifoni na kukuta vipande vyeusi, vyepesi kama masizi, vimebaki shavuni. Sifongo ya ndani hunyonya jasho bila kizuizi kuanzia siku hiyo. Ndiyo maana swali la kama mito inang'oka, na kama mito ya akiba inapatikana madukani, lina uzito kuliko swali la ukubwa wa spika. Mito ya kitambaa huvumilia zaidi na huoshwa, ingawa huzuia kelele kidogo kuliko ya ngozi bandia.

Kuzuia kelele ndiko kunakohitajika zaidi safarini, na hufanywa kwa njia mbili zinazosaidiana. Ya kwanza ni ya kimya: mto au mpira wa hedifoni huziba sikio kama mkono unavyoliziba. Njia hii huzuia vizuri milio myembamba. Ya pili hutumia umeme. Maiki ndogo husikiliza kelele ya nje, chipu hutengeneza wimbi lililogeuzwa, na spika hulicheza wimbi hilo sikioni. Mahali kelele inaposukuma hewa, wimbi la pili huivuta, na vyote viwili hufifia. Wazo hilo ni la zamani. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza yake Marekani mwaka 1936. Amar Bose, akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich mwaka 1978, alivaa hedifoni za abiria, akakerwa na kelele za injini zilizoufunika muziki, akaanza kupiga hesabu za namna ya kuzifuta. Kampuni yake ilianza kuuza hedifoni za aina hiyo kwa marubani mwaka 1989.

Sababu ya njia ya umeme kuuweza mngurumo na kushindwa milio myembamba iko kwenye urefu wa mawimbi. Mlio mzito wa hertzi 100, jamaa wa mngurumo wa injini, una wimbi lenye urefu wa mita 3.4. Wimbi refu namna hiyo hubadilika taratibu, na ngurumo ya injini hujirudia ileile kwa saa nyingi, kwa hiyo chipu hupata nafasi ya kulifuata. Mlio mwembamba wa hertzi 3,000 una wimbi la sentimita 11 tu; chipu ikichelewa kidogo tu, wimbi lake la kujibu hukuta kelele imeshageuka. Abiria wa basi la mkoani huliona hili waziwazi. Akiwasha uzimaji wa kelele, injini na upepo wa dirishani hushuka kana kwamba basi limeingia kwenye pamba, lakini mtoto anayelia kiti cha nyuma na filamu inayopigwa kwenye runinga ya mbele hubaki, tena husikika bayana kuliko mwanzo kwa kuwa kilichokuwa kikizifunika sauti hizo kimeondoka. Mtu asiyelijua hili huirudisha hedifoni dukani akidai ni mbovu. Dawa ya sauti za watu ni mto au mpira unaoziba barabara, na hapo ndipo hoja ya umbo inaporudi: mipira ya kuchomeka huja kwa saizi tatu au zaidi, na saizi isiyo sahihi huharibu kila kitu kingine.

Faida kubwa ya utulivu huo ni afya ya sikio. Shirika la Afya Duniani linahesabu kiwango cha desibeli 80 kuwa salama kwa saa 40 kwa wiki, na desibeli 90 kwa saa nne tu kwa wiki. Sasa achukuliwe abiria wa basi la Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 1,100, ambaye hedifoni zake hazizuii kelele. Ili asikie wimbo juu ya injini, hupandisha sauti. Ikifika desibeli 90, mgawo wake wa wiki nzima unakwisha kabla basi halijaingia Dodoma, na bado ana siku nzima ya njia. Seli za kusikia ndani ya sikio la binadamu zikishakufa hazioti upya. Kwa sababu hiyo, mtu wa safari nyingi ana haki ya kulipia uzimaji wa kelele hata kama ni kitu cha gharama kuliko vyote kwenye boksi. Kazi ya uzimaji huo haiishii kwenye starehe. Humruhusu asikilize kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo sauti ambayo masikio yake yataweza kuifurahia hata akiwa mzee.

Jimu na barabarani, uzibaji huohuo huwa hatari. Hedifoni nyingi za sasa zina hali ya kupitisha sauti, ambapo maiki za nje huacha kupambana na kelele na kuanza kuileta ndani. Mtu aliyelala chini ya chuma kilichomzidi nguvu huita mara moja au mbili, kwa pumzi iliyobaki. Jirani mwenye masikio yaliyozibwa hamsikii. Vivyo hivyo kwa anayevuka barabara huku bodaboda ikija upande asioutazama. Hali ya kupitisha sauti inapaswa kuwashwa kwa kitufe kimoja, bila kutoa simu mfukoni, na ni vyema mnunuzi aijaribu dukani kabla ya kitu kingine chochote.

Kwenye gemu shida ni nyingine kabisa. Bluetooth, teknolojia iliyoanzia kwenye kampuni ya Ericsson ya Sweden mwaka 1994, hurusha sauti kwenye masafa ya gigahetsi 2.4. Simu huibana sauti kwanza ili ipungue ukubwa, huirusha kwa vifurushi, na hedifoni hukusanya akiba ya vifurushi hivyo kabla ya kucheza, ili kimoja kikipotea wimbo usikatike. Kubana, kurusha na kukusanya kote huko huchukua muda; kwa mfumo wa kawaida wa kubana sauti uitwao SBC, mara nyingi ni kati ya milisekunde 150 na 250. Kwa muziki haina neno, kwani hakuna anayejua wimbo ulipaswa kuanza lini. Kwa filamu pia haina neno, kwa kuwa programu inayocheza filamu hujua sauti itachelewa na huishikilia picha iisubiri. Gemu haiwezi kusubiri. Picha yake humjibu mchezaji wakati uleule anapobonyeza, na haijui atabonyeza lini.

Milisekunde 200 ni moja ya tano ya sekunde. Kwenye gemu inayoonyesha picha 60 kwa sekunde, ni picha 12 zilizopita kabla mlio haujafika. Mchezaji wa mpira anayekimbia kwa mita nane kwa sekunde amesogea zaidi ya mita moja na nusu. Kwenye gemu za mpira mtu huzoea, maana macho ndiyo yanayoongoza. Kwenye gemu za kufyatuliana, ambako nyayo za adui husikika kabla hajaonekana, ucheleweshaji huo humaanisha kwamba adui ameshapita mlango mlio wa kiatu unapofika.

Lipo pigo la pili, lisilosemwa sana. Sikio hujua sauti inatoka kushoto au kulia kwa sababu hulifikia sikio moja kabla ya jingine, kwa tofauti isiyofika hata milisekunde moja. Hedifoni hulihifadhi hilo kwa kucheza sauti mbili tofauti, moja kila upande. Lakini mchezaji anapofungua maiki ya Bluetooth ya kawaida ili aongee na wenzake, kifaa huhamia kwenye mfumo wa simu: sauti hushuka ubora na kuwa moja tu kwa masikio yote mawili. Kushoto na kulia hupotea pale pale. Wachezaji wengi husema hedifoni yao inaharibika wakianza kuzungumza. Haijaharibika, imebadilisha njia. Mfumo mpya wa LE Audio, uliotangazwa mwaka 2020 pamoja na kodeki yake, yaani mfumo wake wa kubana sauti, iitwayo LC3, unaondoa sehemu ya tatizo hilo, mradi simu na hedifoni zote mbili ziwe zinaujua.

Tiba za sasa ni mbili. Moja ni kipokezi kidogo cha USB kinachouzwa pamoja na hedifoni na kutumia redio yake chenyewe kwenye masafa yaleyale ya gigahetsi 2.4, bila taratibu za Bluetooth. Ucheleweshaji hushuka hadi makumi machache ya milisekunde, na maiki hufanya kazi bila kuipokonya sauti pande zake mbili. Ya pili ni waya. Hedifoni ya kufunika yenye tundu la milimita 3.5 huchomekwa moja kwa moja kwenye kidhibiti cha PlayStation 5, mashine ambayo haipokei hedifoni za Bluetooth kwa njia ya kawaida, au kwenye cha Xbox, ambayo nayo haizipokei. Kwenye ndege, tundu hilohilo huunganishwa na kiti. Kipande cha waya cha bei ndogo hufanya kazi ambayo hakuna kodeki inayoifanya vizuri, na hedifoni iliyonyimwa tundu hilo imepunguzwa thamani hata kama ni nyembamba na nzuri ya kutazama.

Kwa mizani hiyo, anayeingia jimu mara tatu au zaidi kwa wiki anafaa kununua za kuchomeka zenye IPX4 na uzimaji wa kelele, na gemu aipe kipokezi cha USB. Zipo za kuchomeka zinazouzwa nacho. Anayesafiri sana na kucheza gemu usiku, huku jimu akienda kwa msimu, atafurahia zaidi za kufunika, zenye mito inayong'oka na tundu la waya. Aliye katikati aamue kwa jasho, kwa kuwa jasho ndilo linaloua.

Dukani, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, majaribio ya maana hayazidi robo saa. Hedifoni ivaliwe pamoja na miwani au mtandio wa kila siku. Kichwa kiinamishwe kama mtu anayefunga kamba za viatu, kisha kitikiswe. Video ya mtu anayeongea haifai kupimia ucheleweshaji, kwa kuwa picha husubirishwa. Ifunguliwe gemu yoyote ya simu na kusikilizwa kama mlio unaambatana na kidole. Simu iwekwe mfuko wa nyuma wa suruali na mtu atembee hadi mlangoni, maana mwili wa binadamu una maji mengi na maji hunyonya masafa ya gigahetsi 2.4; hedifoni dhaifu huanza kukatakata hapo hapo. Feki nazo hujulikana kwa njia rahisi: programu rasmi ya kampuni husika mara nyingi hukataa kuzitambua, na uzimaji wa kelele ulioandikwa kwenye boksi hauonekani sikioni feni ya duka ikiwashwa.

Umri wa hedifoni hatimaye ni umri wa betri yake. Betri ya lithiamu hupoteza kama moja ya tano ya uwezo wake baada ya mizunguko 300 hadi 500 ya kuchajiwa. Za kufunika zinazojazwa mara moja kwa wiki zingehitaji miaka zaidi ya tisa kufikisha mizunguko 500, ingawa muda wenyewe huzidhoofisha hata zikikaa tu. Za kuchomeka zinazoishiwa kila siku hufika hapo kwa mwaka mmoja na nusu hivi, na nyingi zimegundishwa kwa gundi kiasi kwamba kuzifungua ni kuzivunja. Joto huharakisha yote hayo, kwa hiyo juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani si mahali pa kikasha. Baada ya jimu, hedifoni hufutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo, vipini vya kuchajia vikikaushwa kwa ncha ya pamba. Mito ya kitambaa hung'olewa mara moja moja, huoshwa kwa maji na sabuni kidogo, na kuanikwa kivulini hadi sifongo ikauke hadi ndani, jambo ambalo kwenye unyevu wa pwani huweza kuchukua usiku mzima.